Shahmardan Ismailov na Zulia la Peri

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Derbent, nanyi mlioteremka leo kutoka milimani, mimi ni Saniyat, binti wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, Shahmardan Ismailov, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1938 katika kijiji cha Jurdag, mtoto wa mwisho wa mzee Ismail na mama Tamum.

Alisoma kijijini, akahitimu ufundi wa reli hapa Derbent mwaka 1958, akaitumikia stesheni yetu miaka arobaini, na tarehe 5 Oktoba 1962 alimwoa mama yetu, Zulmira, wakajaliwa watoto wanne.

Mapenzi yake ya mazulia ya kale yalianza Januari 1967, alipokuta kijijini zulia la zaidi ya miaka mia limefunika nyasi za ng'ombe, akalibadilisha kwa buti zake mpya, akarudi na soksi kwenye theluji, na mama alipomfungulia mlango akasema, "Mwanamume wewe, miguu umeiacha wapi?" Tangu hapo kila likizo ilikuwa ya milimani, na nyumba ikajaa mazulia yaliyokunjwa na majani ya tumbaku ya kuzuia nondo, ambayo sisi watoto hatukuthubutu kuyakanyaga.

Naomba niseme na hili, maana mwenyewe alitaka lisemwe. Mwaka 1993, unga ulipoadimika, alimpa mtu mmoja wa Jurdag magunia mawili, akachukua zulia jekundu lililofumwa na marehemu mama wa mtu huyo, bila kujua kwamba dada wa mtu huyo, Peri, hakuulizwa. Vuli iliyofuata Peri akabisha hodi, akasema, "Kaka, sikuja kugombana, nimekuja kumwona mama." Baba akalitandaza, Peri akaketi, akalipapasa fundo kwa fundo, akanywa chai. Ikawa hivyo kila vuli kwa miaka tisa, na kila mara akiaga aliuliza, "Mwaka huu utanipa?" naye baba akajibu, "Mwakani, dada, inshallah."

Vuli ya 2003 Peri hakuja. Baba alingoja hadi theluji ikaanguka, kisha akalibeba zulia mwenyewe hadi Jurdag, akapokewa na mke wa mwanawe Peri, aliyemwambia, "Umechelewa, baba. Arobaini yake tumeisoma juzi." Akaliacha pale, na hakununua tena zulia hata moja. Kila vuli alikaa dirishani, birika likiwa tayari, na mama akimwuliza anamngoja nani, alijibu, "Simngoji mtu, Zulmira. Natamani tu angekuja."

Machi 2016 alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa mara tatu, na akafariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Novemba, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotuletea mikate na kuni, na wenzake wa reli waliolibeba jeneza. Nanyi mliompa mazulia yenu katika miaka ya dhiki, aliniagiza niwaambie kwamba baada ya matanga mlango utakuwa wazi, anayetaka kuketi na lake aketi, na anayetaka kurudi nalo kwao, sisi watoto wake tutamsaidia kulibeba.

Nenda upumzike, baba yetu, Mungu akupe amani.