Verna Behrens na Moto wa Stony Ford

Mchungaji, ndugu na majirani, mimi ni Lyle Kolstad, mdogo wake marehemu, familia imenikabidhi karatasi hii niwasomee, nami nitaisoma yote, pamoja na sehemu niliyoiongeza mwenyewe jana bila kumwuliza mtu.

Marehemu Verna alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika shamba la mahindi nje ya Stony Ford, jimboni Iowa, akasoma hapa hapa, kisha akahitimu elimu ya mimea katika chuo kikuu huko Ames, Mei 1980. Tarehe 1 Septemba 1981 aliajiriwa na hifadhi ya wilaya, akapewa ekari mia mbili za shamba lililochoka ili alirudishe kuwa mbuga ya nyasi kama ilivyokuwa kabla ya plau za babu zetu, na kwa kuwa mbegu za asili zilibaki makaburini tu, mahali ambapo plau haikuthubutu kupita, alizichuma huko kwa mkono kila Oktoba, watu wakimtania kwamba anawaibia wafu, naye akiwajibu kwamba wafu hawajalalamika.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na Curtis Behrens, fundi wa matrekta, wakajaliwa binti mmoja, Annika, aliyeketi pale mstari wa nyuma.

Mbuga isipochomwa humezwa na vichaka, kwa hiyo tuliichoma kila Aprili, Verna akiwa msimamizi, na kanuni ilikuwa moja, kwamba kabla ya kuwasha, mtu mmoja hutembea njia zote za wageni, akirudi husema “wazi”, yaani hakuna mtu ndani. Tarehe 14 Aprili 2009 mtu huyo nilikuwa mimi. Upepo ulitaka kugeuka, njia ya kaskazini ni ndefu, nikaishia darajani, nikarudi, dada akaniuliza, nikasema wazi. Curtis alikuwa ng'ambo ya daraja, nyuma ya kilima, akirekebisha kibao cha njia kilichong'oka, na moto ukamkuta huko.

Siku ya uchunguzi wa kifo chake nilitaka kusema, dada akanishika mkono chini ya meza, akaninong'oneza, “Mdogo wangu, una watoto wawili wachanga. Nyamaza, tafadhali.” Akawaambia wachunguzi kwamba aliwasha bila kuniuliza, akaachishwa kazi, mji ukamwita muuaji wa mumewe, Annika naye akahama, asikanyage tena kwa mama yake kwa miaka kumi na tano, na mimi nikala mezani kwa dada kila Jumapili, nimenyamaza. Huo ni woga, sina jina lingine.

Januari 2023 mapafu yake yalianza kushindwa, akalazwa mara nne, akafariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa moja asubuhi, akimwulizia binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea vyakula, na wafanyakazi wa hifadhi waliochimba kaburi hili kwa mikono yao.

Annika, mpwa wangu, mama yako aliuliza, mimi ndiye niliyemdanganya.

Dada, pumzika kwa amani, mimi siiombi kwa ajili yangu.