Uji Usubiri Kwanza

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na kazi. Mwenyekiti ameniomba niseme kwa kifupi. Ananijua, ndiyo maana amekaa karibu na mlango. Leo mtanivumilia, furaha hii nimeshindwa kuibana.

Hapa Mgori mnanijua kwa jembe. Tukilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, mimi ndiye niliyekuwa natangulia, kisha nageuka kummalizia aliyebaki nyuma mstari wake. Ndiyo desturi yetu, aliyemaliza hakai kivulini mwenzake akihangaika. Basi msimu ule nikaanza kubaki nyuma mimi. Mkawa mnanigeukia. Ndugu zangu, nawaambia, niliona aibu mpaka nikawa natafuta visingizio nisije.

Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Jua la saa saba nyie mnatokwa jasho, mimi nimevaa sweta. Mkanitania eti najiandaa kwenda Ulaya. Nikacheka nanyi, nikifika nyumbani nalia. Nilipima malaria, hamna. Nikaambiwa labda damu imepungua, nikanywa juisi ya rozela mpaka nikaichukia. Wengine wakasema nimerogwa, wengine uvivu tu. Mimi niliogopa jambo moja: nisipolima, wanangu watakula nini?

Dada mmoja wa humu humu ndani, simtaji, siku moja nilikuwa napepeta naye mtama. Akaniangalia, akasema, "Wewe, hebu meza mate." Nikameza. "Shingo yako imejaa hapa. Mama yangu alianza hivyo hivyo kabla ya rovu kumvimba shingoni. Kesho twende mjini."

Mjini daktari akanishika shingo, wakachukua damu. Majibu yakatoka: tezi ya shingoni imekuwa goigoi, haitoi kile kinachoupa mwili nguvu. Jamani, mtu anafurahia ugonjwa? Mimi nilifurahi. Kumbe sikuwa mvivu. Nikapewa vidonge vya kumeza kila asubuhi.

Nikameza, nikangoja, wapi. Uchovu ule ule. Siku ya kurudi kliniki nilishaamua moyoni kwamba nikitoka pale navitupa. Mama mkwe akanisindikiza. Daktari akauliza, "Unameza na nini?"

Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akadakia, "Na uji, mwanangu. Wa ulezi, naukoroga mwenyewe na maziwa. Siwezi kumwacha ameze dawa tumbo tupu."

Daktari akatabasamu. "Mama, dawa hii ndiyo inataka tumbo tupu. Ameze na maji, uji usubiri kwanza."

Si tumelelewa hivyo wote, kwamba dawa bila chakula inaunguza tumbo? Labda daktari alinieleza siku ya kwanza, ila kwa furaha ile nilisikia nini?

Kesho yake namkuta mama mkwe jikoni, ameufunika uji na kukaa mbele yake kwenye kigoda kama askari. "Meza," akasema, "halafu kafagie uwanja. Uji ukifika wakati wake nitakuita." Mpaka leo ananilinda. Yule pale nyuma, ameinamisha kichwa. Mama, asante. Ulinipenda kwa uji, sasa unanipenda kwa kuninyima.

Nguvu zilirudi polepole, lakini zimerudi. Sweta nimelifungia sandukuni. Namshukuru daktari, nawashukuru nyie mlionimalizia mistari bila kunung'unika. Nawaombeni: mwenzenu akizidi kubaki nyuma, msimwite mvivu, mpelekeni akapimwe. Na ukipewa dawa, uliza inamezwaje, uulize tena.

Juzi mlikuwepo. Nilimaliza mstari wangu wa kwanza, nikageuka. Aliyebaki nyuma ni yule yule dada aliyenipeleka mjini, sasa ana mimba kubwa. Akaniambia, "Kapumzike, mgonjwa wewe."

Nikamwambia, "Sogea."