Mapazia Yaliyorudi na Mikunjo Yake

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu, dada mmoja anayeuza mapazia mtandaoni alikuwa akimsimulia jirani yake habari za shemeji yake, ambaye humletea wateja kwa simu na kulipwa kamisheni kwa kila pazia linalonunuliwa. “Wateja wake wakawa wanarudisha yote. Nikatazama mikunjo, ni ileile yangu, hakuna aliyefungua. Kumbe mnunuzi ni yeye mwenyewe. Akishapata kamisheni, anarudisha mzigo.” Jicho hilo hata mimi, mkunja nguo za wajukuu, sina.

“Ukamtimua?”

“Mume wa dada yangu? Sasa namlipa siku za kurudisha zikishapita. Amenuna.”

“Umembembeleza mwizi, mwenzangu. Dada yako anajua?”

Basi lilikuwa linasimama. Muuza mapazia alikunja mtandio wake pembe kwa pembe, bila kuutazama, akainuka. “Dada mwenyewe ndiye yule anayeningoja kituoni.”