Machibya Ngeleja, Ndugu wa Kuchanjana

Ndugu waombolezaji, viongozi wa kijiji, mliofanya kazi na marehemu katika chama cha ushirika, nanyi mliotoka Lalago tangu alfajiri, familia inaomba utulivu, isomwe historia ya marehemu Machibya Ngeleja kama alivyotaka mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 Ipililo, mtoto wa tatu wa Mzee Ngeleja na Mama Sayi, akachunga ng'ombe pamoja na Januarius, mtoto wa pekee wa jirani yao Mama Milembe, na mwaka 1952, wakiwaiga wakubwa, watoto hao walichanjana kwa wembe mmoja, kila mmoja akaramba damu ya mwenzake, wakawa ndugu, na undugu huo hawakuufanyia mchezo. Wote wawili walisoma Ipililo hadi darasa la nne.

Mwaka 1963 aliajiriwa Lalago kupima pamba ya wakulima, na tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na Benedikta, aliyependa kututania kwamba alimkubali kwa sababu mizani yake haikudanganya. Mungu aliwajalia watoto watano. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, alihamia hapa karibu na Somanda, akabeba mabati yake na ya Mama Milembe, aliyehama naye.

Tarehe 2 Juni 1977 Januarius alifariki, macho ya manjano, tumbo limejaa maji, na watu wakasema mama yake kamla kwa uchawi, eti kwa kuwa macho yake ni mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni miaka yote. Novemba 1980 marehemu naye alianza kuumwa ubavu wa kulia, akakonda, akawa wa manjano, na maneno yakawa makali zaidi, watu wakaacha hata kumpa mama huyo moto wa kuwashia jiko.

Februari mwaka huu daktari wa Mwanza alimweleza kwamba kuna vijidudu vinavyopita katika damu, mtu huweza kukaa navyo tangu utotoni bila kuumwa, huku vikiliharibu ini polepole, likajaa makovu, mwisho likaota saratani. Marehemu alikumbuka wembe ule. Nani alimwambukiza mwenzake, au kama walivipata kwingine, daktari hakuweza kusema, na marehemu hakutaka kujua. Alirudi nyumbani akatuita kitandani, akalia, si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya mama aliyebaki kubeba lawama. Alifariki tarehe 9 Mei 1981, na sisi nyumbani tumevunjika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomlaza na kumgeuza, na wafanyakazi wenzake kwa mbao za jeneza.

Mama Milembe ameketi nje ya boma tangu jana, hakuna aliyempelekea maji. Marehemu aliagiza kwamba yeye ndiye atupe udongo wa kwanza, kwa kuwa ni mama yake, na Benedikta amekwisha kusimama kwenda kumshika mkono.

Lala, Machibya, mama yako anakuja.