Doa Jekundu kwenye Bakuli za Baba Kehar

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya gurudwara yetu, hekalu hili la Kisikh, Sardar Mohkam Singh. Mheshimiwa mkuu wa kijiji. Msomaji wetu wa Kitabu Kitakatifu. Ndugu wageni waalikwa mliotoka mjini. Na ninyi jirani zangu wa mtaa wa washona ngozi ambao, sijui kwa nini, mmekalishwa nyuma kabisa: nawasalimu nyote.

Mimi Nasib Kaur nimesukuma chapati katika jiko hili miaka arobaini, na leo, siku ya kustaafu kwangu, nimeambiwa nikate utepe wa ukumbi mpya wa kulia chakula. Nashukuru. Lakini heshima hii imekuja ghafla mno, nami heshima ya ghafla hunitia wasiwasi.

Ukumbi umepewa jina la Baba Kehar Singh, yule mwalimu wa dini aliyeheshimiwa na wote. Wengi wenu mnamjua kwa picha ile ya ukutani. Mimi nilimwona nikiwa na miaka tisa, siku ya sikukuu ya Baisakhi, alipoalikwa hapa akatandikiwa zulia mbele ya wote. Akauliza, "Mbona sahani zile zimewekwa nje?"

Wakamjibu, "Baba, zile za washona ngozi, watu wa tabaka la chini. Wenyewe wameshazoea."

"Wamezoea? Haya, na mimi nitazoea."

Akatoka, akaketi juani ubavuni mwa baba yangu, akala kwenye sahani yetu. Baba yangu alisogea upesi kumpisha, dengu zikamwagika. Baba Kehar akamwambia, "Kula, bwana, kinapoa." Wazee wawili waliondoka kwa hasira bila kuonja kitu. Tangu siku ile tukakaa safu moja sakafuni, na mama yangu akaitwa jikoni kukanda unga wa kijiji kizima.

Sasa nije kwenye bakuli. Jumatatu nilikuwa naosha bakuli mpya, nikaona arobaini zina doa jekundu kwenye kitako. Nikamuuliza Mwenyekiti, "Sardarji, hili doa la nini?"

Akasema, "Bibi, la kuzuia wizi. Wewe osha tu."

Wizi? Hapa tunagawa chakula bure kutwa, mwizi ahangaike na bakuli? Na mbona arobaini tu? Na mbona watu wa mtaa wetu wanaokuja kila Jumapili ni arobaini hao hao? Nikajiambia, Nasib, uzee huo, unaota mchana. Kumbe siku iliyofuata nikamsikia mke wa Mwenyekiti akiwaelekeza wagawaji: "Nyekundu zote, safu ya ukutani. Msichanganye."

Naona unatazama saa, Mwenyekiti. Vumilia, namalizia.

Niliumia. Niliumia sana, maana Baba Kehar mmemtundika ukutani, kisha chini ya picha yake mnatenga vyombo. Lakini sikumwambia mtu. Nilinunua kopo la rangi, nyekundu ile ile, na jana nikajifungia stoo tangu asubuhi hadi alasiri. Bakuli zote mia tatu sasa zina doa, pamoja na hiyo utakayolia chakula wewe, Sardarji. Kama doa ni la kuzuia wizi, basi zote ziko salama. Kama ni la jambo jingine, leo itabidi tubanane sote kwenye safu ya ukutani.

Ahsanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa nipeni huo mkasi, chakula kinapoa.