Mama Kwanini Anashuka kwenye Winchi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, dereva wetu wa winchi, anayejulikana yadi nzima kwa jina la Mama Kwanini, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipomuuliza msimamizi kwa nini makontena mazito yanapangwa chini, na kwa nini chai huletwa imeshapoa. La kwanza alijibiwa. La pili tunasubiri mpaka leo.

Aliajiriwa kama karani wa lango, akapanda winchi kwa udadisi tu, na huko juu ndiko alikohamia. Ana mkono mwepesi: kontena la vioo hulitua kama anayelaza mtoto mchanga.

Kisha ikaja presha. Alipewa dawa, dawa ikamletea kikohozi kikavu kilichomnyima usingizi yeye na mumewe. Na kwa kuwa presha yenyewe hakuisikia popote mwilini, akaacha dawa kimyakimya. Asubuhi moja, mzigo ukiwa unaning'inia, macho yakaingia giza. Aliushusha taratibu mpaka ukagusa ardhi, ndipo akaomba msaada kwenye redio. Siku hiyohiyo alisimamishwa kuendesha. Wengi wetu tulidhani ndiyo basi tena.

Daktari alipomuuliza kama anameza dawa, alisema ukweli, kisha naye akauliza lake: "Presha yangu mnaipima kila nikija. Raha yangu nani anaipima?"

Daktari alicheka, halafu akaweka kalamu chini, akamsikiliza. Dawa ikabadilishwa, akashauriwa pia kupunguza chumvi, na baada ya muda kikohozi kikaisha.

Udadisi ukahamia jikoni. Mumewe, fundi seremala, ndiye mpishi wa nyumba. Supu yake ya kwanza ya chumvi kiduchu waliionja wakatazamana. "Mke wangu," akasema, "hii hata mimi imenishinda." Wakajaribu ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, mpaka hamu ya kula ikarudi. Jioni wakawa wanatembea pamoja mtaani, Mama akitaka kujua kila duka jipya linauza nini.

Miezi ile ya kukaa chini alifundisha madereva wapya, akiwahimiza kupima presha hata wanapojiona wazima kama chuma. Daktari alipomruhusu, alirudi juu, akafanya kazi miaka tisa mingine. Na kwenye harusi ya binti wa mhasibu wetu alicheza mpaka vijana wakaomba maji.

Sasa anataka kujifunza kuogelea. Tulipomuuliza sababu, alisema ameitazama dunia kutoka juu vya kutosha. Anataka kujua majini kukoje.

Asante, Mama, kwa mizigo yote uliyoitua salama na kwa wote uliowafunza. Maisha yawe mema kwako na kwa mzee nyumbani. Ukishaweza kuelea, njoo utusimulie.