Kuku wa Mnada wa Sadaka

Bajaji ilitoka Ufukoni na abiria watatu, mimi nikiwa mmoja wao, na kuku mmoja. Mama aliyeketi katikati alikuwa amempakata; alimnunua kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. "Zamani kuku mmoja tulimnunua hata mara tano," alisema baba wa pembeni, "kila mnunuzi anamrudisha auzwe tena. Sikuwa na kitu, mama, lakini nilirudi nyumbani nikiimba." "Na sasa?" "Nina nyumba tatu. Jumapili nazungukia wapangaji." Alisema kama mtu anayetaja maradhi. Mama akamwekea kuku mapajani. "Basi huyu mrudishe wewe, Jumapili ijayo." Yule baba alishuka Mtawanya amemkumbatia kuku, suti imejaa manyoya. Bajaji ikaondoka, na mpaka leo sijui kama alimfikisha kanisani au jikoni.